Umbali kati ya Hazina na Maikrofoni

Mkono usioweza kuukata, ubusu. Mhariri wa redio inayolipiwa na serikali anaijua taabu hiyo kuliko wengi. Marekani ilijaribu kumwepusha nayo. Sheria ya mwaka 1967 ilianzisha shirika la kati, CPB: serikali itoe fedha, shirika lizigawie vituo, mwanasiasa asiguse vipindi. Baadaye Bunge likawa linaidhinisha fedha hizo miaka miwili kabla, ili hasira ya leo isifike haraka kwenye mshahara wa mtangazaji. Kwangu mimi uhuru wa chombo cha umma umo katika umbali huo. Chanzo cha fedha hakitoshi kuupima, maana hata redio ya biashara ina bwana wake.

Julai 2025 Bunge lilifuta dola bilioni 1.1 za CPB zilizokwisha kuidhinishwa. Hoja ya walioshinda si ya kubezwa: kwa nini fundi bomba wa Texas atozwe kodi kulipia sauti anayoamini inamdharau? Kumjibu kwamba mchango wake ni senti chache ni kumkwepa, kwa kuwa analalamikia dhamiri yake.

Nadhani jibu liko Bethel, Alaska, mji usiofikika kwa barabara kutoka kwingine. Kituo cha KYUK hutangaza huko kwa Kiingereza na Kiyup'ik, lugha ya wenyeji, na sehemu kubwa ya bajeti yake ilitoka CPB. Oktoba 2025 mabaki ya kimbunga Halong yalivipiga vijiji vya Kipnuk na Kwigillingok, vilivyomo katika eneo la kituo hicho. Nyumba zikang'oka zikaelea, watu kwa mamia wakahamishwa kwa ndege. Usiku kama huo, mzee wa kijijini anahitaji kuambiwa kwa lugha yake maji yamefika wapi na akimbilie wapi. Wanakijiji ni wachache mno kumvutia mwenye matangazo ya biashara. Basi kodi ya yule fundi ilimnunulia raia mwenzake haki ya kufikiwa, na haki hiyo haina chama. Zaidi ya asilimia 70 ya fedha za CPB zilikwenda kwa vituo vya majimboni; waliokuwa na ugomvi na wahariri wa Washington wakamwadhibu mzee wa Kipnuk.

Lakini miaka miwili ulikuwa umbali mfupi, kwa sababu Bunge lile lile lililoahidi ndilo lililoweza kufuta. Ujerumani walikwenda mbali zaidi: kaya hulipa mchango wa kila mwezi, tume huru hukadiria mahitaji ya vituo, na wanasiasa hawawezi kuyakataa makadirio hayo kwa sababu tu hawapendi kinachotangazwa. Jimbo la Sachsen-Anhalt lilipozuia nyongeza ya mchango, vituo vilikwenda Mahakama ya Katiba, na mwaka 2021 vikashinda.