Kabla ya Bahari, Uliza Mwenyeji

Nahodha wa jahazi aliyeingia Lamu, Mombasa au Unguja na upepo wa kaskazi alijua tangu ametoka kwao atashukia kwa nani. Miezi ya kungoja kusi limrudishe ilikuwa mingi, na mtu hawezi kuimaliza yote akilala juu ya maji. Alikuwa na mwenyeji wake: mtu wa mji, mwenye jina mjini, aliyempa pa kulala, akamwambia bei ya kweli ya mchele na pembe, akamdhamini kwa wenye maduka, na akamuuguza homa ilipomkamata. Haikuwa sadaka. Mwenyeji naye alipata sehemu yake ya biashara, na mwanawe akienda Mukalla au Muscat alijua mlango wa kubisha. Ndiyo maana mzee wa zamani akisikia kijana anataka kuhamia mji fulani hakumuuliza kama mji huo una pwani nzuri. Alimuuliza: una nani huko?

Swali hili silisikii tena watu wanapozungumzia kustaafia ng'ambo. Kaa na Waswahili wa Leicester, Reading au Minneapolis wanaokaribia miaka 60, wale walioingia vijana wakazimaliza nguvu zao hospitalini, viwandani na kwenye maghala. Utasikia Ureno, Uturuki, Mauritius, Dubai, Thailand. Zanzibar na Mombasa hutajwa mwishoni, kwa sauti ya mtu asiyejua kama anazitaka au anaona haya tu kuziacha. Watapima jua, kodi, bei ya nyumba ya vyumba viwili, masaa ya ndege kwenda kuona wajukuu. Hesabu hizo zina maana, sizidharau. Lakini zote zinamhesabia mtu wa miaka 65 anayepanda ngazi bila kushikwa mkono na ambaye mwenziwe yu hai. Mtu huyo bado kijana, kaacha kazi tu. Nchi ya kuzeekea huchaguliwa kwa ajili ya mtu wa miaka 83, naye hayupo kwenye kikao.

Niseme kwanza habari ya fedha, kwa kuwa hapo ndipo watu wetu wa Uingereza huumia bila kujua. Serikali ya Uingereza humlipa mstaafu pensheni ya taifa popote aendako, na jambo hilo huwatuliza watu mapema mno. Inachokataa ni kuiongeza. Aliyehamia nchi za Umoja wa Ulaya, Marekani, Uturuki, Jamaica au Mauritius hupata nyongeza ya kila mwaka sawa na aliyebaki London. Aliyehamia Kenya, Tanzania, Uganda, India, Afrika Kusini, Australia, hata Canada, pensheni yake huganda: kiwango alichoondoka nacho, au alichoanzia kulipwa akiwa huko, ndicho kitakachomfikisha kaburini. Miaka uliyochangia haibadili kitu. Kinachoamua ni kama nchi uliyoichagua ina mapatano na Uingereza yanayotaja nyongeza hiyo, na mengi ya mapatano hayo ni ya zamani.

Mwanamke mmoja, Annette Carson, alilipeleka jambo hili mahakamani. Alihamia Afrika Kusini mwaka 1989, akaendelea kulipa michango yake kwa hiari kutoka huko huko, akaanza kupokea pensheni mwaka 2000. Alipoona haiongezeki alishitaki. Akashindwa Uingereza hadi ngazi ya juu kabisa, mwaka 2005, kisha yeye na wenzake wakashindwa tena Machi 2010 mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kule Strasbourg. Majaji waliona kwamba anayeishi nje ya nchi hayuko katika hali moja na anayeishi ndani, basi hawezi kudai mizani moja. Mtu anaweza kuikubali au kuikataa hoja hiyo, ila deni la dukani halingoji aamue. Mwaka 2000 pensheni kamili ya msingi ilikuwa pauni 67.50 kwa wiki. Katika mwaka wa fedha wa 2025/26 ilikuwa pauni 176.45. Aliyeianza ile ya 2000 akiwa Mombasa, na akabaki Mombasa, bado analipwa 67.50, na katika robo karne hiyo unga, mafuta ya taa na dawa za shinikizo la damu havikumngojea.

Sisemi haya ili mtu asirudi kwao. Nasema apige hesabu kwa pensheni ya leo na bei za miaka 20 ijayo, kisha aone kama bado anaweza kulipa wa kumfulia na wa kumshika mkono kwenda chooni. Na anayekimbilia Mauritius kwa sababu pensheni huko haigandi, basi akumbuke kwamba kisiwa hicho humpokea mstaafu wa miaka 50 na zaidi anayeingiza kila mwezi kiwango cha fedha kilichowekwa, lakini hakuna ofisi inayompa mtu wa kumjulia hali Port Louis.

Hospitali nayo. Medicare ya Marekani, ukiacha hali chache sana, hailipi tiba ya nje ya nchi. Huduma ya bure ya Uingereza ni ya wakazi. Ukihama kweli kweli, umeiacha. Bima za binafsi hupanda bei kadiri miaka inavyopanda, na nyingine hazimpokei kabisa mteja mpya aliyepita umri fulani. Uliza kabla hujauza nyumba.

Kisha kuna makaratasi ya ukaazi. Ruhusa ya mstaafu ya Dubai ni ya miaka mitano mitano. Mtu wa miaka 70 huisoma akaona mitano ni mingi. Ahesabu tena: 75, 80, 85, kila mara akithibitisha upya kwamba bado ana kipato au mali inayotakiwa, wakati ambapo huenda mali ilishauzwa kulipia upasuaji. Thailand humtaka mstaafu wa miaka 50 kwenda juu awe na baht 800,000 benki, au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, na kila siku 90 aarifu idara ya uhamiaji anakaa wapi. Kwa mwenye nguvu hiyo ni safari fupi ya mjini. Kwa aliyepooza upande mmoja, nani atampeleka au kumjazia fomu? Na aliyechagua Ureno au Hispania ajue kwamba tangu Agosti 2015 sheria ya Umoja wa Ulaya huugawa urithi kwa sheria ya nchi alikokuwa akiishi marehemu, isipokuwa kama aliandika wosia kuchagua sheria ya uraia wake. Mwislamu wa Mombasa mwenye uraia wa Kenya, anayetaka watoto wake warithi kwa mafungu wanayoyajua, asipoandika atakuwa amewaachia kesi katika lugha wasiyoisoma.

Sasa wengi watasema: basi si bora nyumbani? Mtu kwao. Nakubali nusu. Kenya imelegeza mambo tangu katiba ya 2010: aliyezaliwa raia hapotezi uraia kwa kuchukua mwingine, na aliyeupoteza zamani anaweza kuuomba tena. Asiye raia hupewa ardhi kwa kukodi tu, isiyozidi miaka 99, na hivyo ndivyo Wataliano wa Malindi wanavyokaa huko, na wauza vinyago wa mji ule wamejifunza Kitaliano kwa ajili yao. Tanzania ni ngumu zaidi. Mtu mzima anayechukua uraia wa nje hupoteza wa Tanzania, na sheria ya ardhi ya bara ya 1999, ilipopitishwa, haikumpa asiye raia ardhi ila kwa uwekezaji. Matokeo yake tunayajua sote: kiwanja cha Kigamboni kimeandikwa jina la mpwa, fedha za matofali zinapitia kwa kaka, picha za msingi zinakuja kwa simu, na paa, kwa maneno ya kaka, halipandi. Siku mwenye fedha anaposhuka na masanduku yake anakuta mpangaji.

Tunapenda kusema kwamba kwetu mzee hatupwi. Zanzibar ina nyumba za wazee za serikali, Welezo na Sebleni, na hazikai tupu. Ndugu wa damu uliyemtumia fedha kwa Western Union miaka 30 si lazima awe mwenyeji wako. Huenda amekuzoea kama mlango wa fedha, na mlango ukifungwa, kama unavyofungwa siku ya kustaafu, hajui tena akuite nani. Simlaumu peke yake. Wewe ulikuwa na harusi ngapi za mtaa huo ulizohudhuria? Misiba mingapi uliyobeba jeneza badala ya kutuma rambirambi?

Yuko mtu wa kwetu aliyezeekea ugenini ambaye historia imemweka wazi: Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, binti wa Sultani. Alitoroka mwaka 1866, akaolewa Aden na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, wakahamia Hamburg. Huko mwenyeji wake alikuwa mmoja tu, mumewe. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, naye akabaki na watoto watatu wadogo katika mji wa baridi asioujua vizuri hata lugha yake. Alirudi Unguja mara mbili, mwaka 1885 na 1888, kudai urithi. Nduguye Sultani Barghash hakumpokea, wala Khalifa aliyemfuata. Akaishi Beirut miaka mingi, akafa Jena mwaka 1924 na kuzikwa Hamburg. Wengi humsoma kama hadithi ya mapenzi. Mimi namsoma kama onyo kwa wanandoa: mnapohamia nchi ambayo ni mmoja wenu tu mwenye watu huko, yule mwingine hana nchi, ana mume au mke. Mume na mke hufa, na mara nyingi anayefuatwa ndiye anayetangulia.

Linganisha na Waomani wa Zanzibar na bara waliorudi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita watu wa asili ya Oman waliotawanyika. Wengi wao Kiarabu chao kilikuwa cha Qur'ani na salamu, na nyumbani walisema Kiswahili. Haikuwa rahisi. Wenyeji waliwaita Wazanzibari, kama ambavyo huku waliitwa Waarabu. Lakini walikuwa na jina la ukoo, na ukoo ule ulikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na mtu aliyeweza kusema: huyu ni wa fulani bin fulani, namjua babu yake. Leo Kiswahili kinasikika majumbani Muscat, na wazee wale wana majirani wa kufa na kuzikana. Walitangulia kupata mtu wa kuwatambua, nyumba ikaja baadaye.

Asiye na ukoo huko aendako afanyeje? Afanye walivyofanya wanamaji: aende msimu baada ya msimu kabla hajahama. Wala asiende Desemba, wakati kila mtu ana wageni na kila mji unang'aa. Aende masika, barabara zikiwa matope na umeme ukikatika. Akodi nyumba katika mtaa wa watu, asikae hoteli ya wageni. Aswali msikiti mmoja au asali kanisa moja mpaka akikosa watu wamuulizie. Ajifunze lugha ya hapo kiasi cha kueleza maumivu kwa daktari, maana Kiingereza cha sokoni hakitoshi kitandani. Atoe kabla hajapokea: achangie msiba, afundishe mtoto wa jirani hesabu, ajue jina la mwenye duka na la mama yake. Kazi hiyo huchukua miaka kumi, kwa hiyo ianze ukiwa na miaka 55. Ukiingoja 67 umechelewa.

Na wapo ambao wakifanya hesabu hii kwa ukweli watagundua kwamba mwenyeji wao yuko Leicester. Wamekaa miaka 35, mtaa mzima unawajua, watoto wako vituo viwili vya basi, msikiti una watu wa kuosha maiti na makaburi yapo. Baridi ni kali, ndiyo. Lakini kubaki si kushindwa, na mtu asikimbie watu wake wa kweli kwa ajili ya jua. Anaweza kwenda Unguja miezi miwili kila mwaka akarudi, na kwa mtazamo wangu wengi wa kizazi hiki hilo ndilo lingewafaa, ingawa hawapendi kulisikia.

Kabla hujatia saini popote, iandikie ofisi ya pensheni uulize kama fedha zako zitaganda katika nchi hiyo, na uyatunze majibu yao. Andika wosia unaotambuliwa na sheria ya huko. Halafu chukua karatasi uandike majina ya watu watatu wa nchi hiyo, mbali na mwenzi wako na dalali aliyekuuzia nyumba, ambao ukiwapigia simu saa nane za usiku watakuja. Ukishindwa kufikisha watatu, ahirisha safari.