Mtoto Mgonjwa ni wa Nani?

Kwetu Kibua, kati ya Masisi na Walikale, tunapenda kusema kwamba mtoto ni wa ukoo mzima. Ni neno zuri. Lakini mtoto akipatwa na ugonjwa usioisha kwa sindano moja, hapo ndipo neno hilo linapimwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha kijana mwenye kifafa. Siku moja alianguka mbele ya ubao. Wenzake walikimbia wakiogopa mate yake, ingawa kifafa hakiambukizi. Mimi nilingoja apate fahamu, kiisha nikamrudisha nyumbani. Jioni mama yake akaniambia: "Mwalimu, dawa iliisha tangu wiki mbili. Baba alikatala kutoa franga, alisema mutoto amekwisha kupona." Bibi alijua kwamba usiku ule mjukuu hakulala. Muganga wa kituo alijua kwamba dawa hiyo haikatwi ghafula. Mimi niliona tangu siku chache kijana anakodoa macho kama hayupo, nikadhani ni uvivu. Kila mumoja alikuwa na kipande chake, na hakuna aliyekipeleka kwa mwenzake. Tulimpenda sote, na bado alianguka mikononi mwetu.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba watu wenye kifafa wakipimwa na kutunzwa vizuri, hadi 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila kuanguka. Kidonge cha phenobarbital si cha bei kali, lakini ni cha kila siku. Inaomba mtu wa kukitafutia franga, mtu wa kukitoa kwa saa yake, mtu wa kurudi kituoni kabla hakijaisha.

Wengine watauliza: hiyo si kazi ya muganga? Muganga anamwona mtoto pengine mara moja kwa mwezi. Siku 29 zinazobaki ni zetu. Kituo cha Tulizo Letu, kinachotunza magonjwa ya namna hiyo, kiko Goma, na njia yetu inajulikana.

Wengine watasema: baba ndiye kichwa, aamue peke yake. Tukumbuke basi hadithi ya Mwindo, ambayo mzee Rureke aliisimulia kwa Kinyanga, na Biebuyck pamoja na Mateene wakaichapisha mwaka 1969. Shemwindo alimkataa mtoto wake, akamtupa mtoni ndani ya ngoma. Shangazi yake, Iyangura, ndiye aliyempokea. Na mwishoni neno halikumalizwa kila mtu pembeni mwake: baba, shangazi na mtoto walikaa mbele ya watu, baba akakiri kosa lake, shangazi naye akasema. Mila yetu haikumnyang'anya baba heshima. Ilimwomba aseme mbele ya wengine.

Kwa hiyo naona mtoto kama huyu afanyiwe barza yake. Baba, mama, bibi, shangazi, muganga na mwalimu wakae pamoja, si kwa kutafuta nani aliyeroga wala kumlaumu mama, bali kwa kugawana kazi. Kila mtu aondoke na kazi yenye jina lake, kwani kazi ya wote bila jina hulala njiani. Mtoto mwenyewe aulizwe, maana mwili ni wake. Na kipimo cha dawa kijulikane na watu wawili au zaidi. Mnamo Januari 2025, vita vilipofika Masisi-Kati na Goma, jamaa nyingi zilitawanyika. Mtoto anaweza kukimbia na shangazi, dawa yake ikabaki ndani ya kichwa cha mama.

Mimi nimeanza na darasa langu. Kila Septemba nawauliza wazazi, kwa siri na kwa heshima: kuna kitu gani inaomba nijue juu ya mtoto huyu? Wengine hunyamaza. Lakini wanaojibu wananipa kipande kile ambacho siku ile kilinikosa.