Dawa Isiyoonekana Kondeni

Vijana wa Wesha hapa Pemba, nasikia siku hizi mnapeana zamu za kubeba bomba mgongoni na kupulizia makonde ya watu kwa malipo. Kazi sikatazi. Aliyewahi kupalilia bonde la mpunga kwa mkono anajua kwa nini dawa ya magugu imependwa, na mimi si mtu wa kuwaambia mrudi kwenye jembe kwa kuwa tu babu zenu walilishika. Neno langu ni juu ya dawa ya namna moja katika hizo mnazobeba: ile inayopigwa ardhini kabla majani hayajaota. Hiyo ndiyo mnayoidharau, kwa sababu mkishaipiga hamuoni kitu.

Dawa ya kuunguza inajitangaza. Siku chache tu majani yamekauka, kila mpita njia anajua konde limepigwa, na mwenye ng'ombe anamhamisha. Hii nyengine haijitangazi. Ukoka unabaki kijani vile vile, udongo hauna alama. Jirani anakuja alfajiri na ng'ombe wake, anamfunga kamba pembezoni mwa konde pale pale anapomfunga siku zote, kisha anashika njia kwenda Chake Chake kwa shughuli zake. Hakuna aliyemdanganya, ila hakuna aliyemwambia. Na sisi hapa kwetu malisho hayana uzio: kingo za mpunga, chini ya minazi, kando ya barabara, kote ni malisho. Kwa hiyo kabla ya kupiga, mwenye konde aende kwa majirani wenye mifugo na kwa Sheha, aseme siku na mahali. Siku yenyewe ichomekwe miti kwenye pembe za konde, ifungwe vitambaa vyekundu, na visitolewe mpaka siku zilizoandikwa kwenye kibandiko ziishe. Asiyetaka kusema na jirani asinunue dawa.

Sasa sikilizeni inavyofanya kazi, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Chukua pendimethalini, ambayo hutumika kwenye mpunga, mahindi na vitunguu, na kwengineko duniani hata kwenye mashamba ya majani ya kukausha. Inakaa kwenye tabaka la juu la udongo. Mbegu ya gugu ikipasuka, mzizi wake mchanga ukiigusa, unashindwa kukua na mche unafia chini kabla hujauona. Gugu lililokwisha kuota hailiwezi. Ndago ndiyo kabisa, kwa sababu ndago haingoji mbegu, inachipua kutoka kwenye vile vitunguu vyake vilivyojificha chini, na vina akiba ya kutosha kuupita udongo wenye dawa. Basi kijana anapiga dawa Jumatatu, wiki ya pili anaona ndago zimesimama, anasema dawa ilikuwa nyepesi, anarudi na bomba jengine zito zaidi. Ndago hazijali. Kilichoongezeka ni sumu ardhini na hasara mfukoni mwa mwenye konde.

Dawa hii pia inataka maji ya kuiingiza ardhini. Ikilala juu ya udongo mkavu kwenye jua kwa siku nyingi, nguvu yake inapotea. Inataka mvua ya rasharasha au umwagiliaji mdogo. Haitaki ile mvua ya masika inayoshuka Pemba kama imefunguliwa mlango. Pemba yetu ni vilima na mabonde, mnaijua. Pendimethalini inashikana sana na udongo, kwa hiyo maji matupu hayaichukui kirahisi, lakini tope linaichukua. Na tope la konde la mlimani linakwenda wapi? Linashuka bondeni, linaingia mfereji, linamalizikia mikokoni. Dawa hii ni sumu kali kwa samaki na kwa wadudu wadogo wa majini ambao samaki wanawategemea. Mama zenu wanaoshuka pwani maji yakitoka, kutafuta kombe na kaa, hawakuajiriwa kwenye konde hilo wala hawakulipwa. Mkiona mbingu imefunga upande wa kusi, bomba likae nyumbani. Na ukingoni mwa mfereji acheni ukanda mpana wa majani usiopigwa kitu, hata kama mwenye konde atanung'unika kuwa mmemwachia magugu.

Kuna dawa nyengine zenye tabia tofauti, na kuzichanganya zote kwa jina la "dawa ya kabla" ni hatari. Atrazini, inayopigwa kwenye mahindi, haishikani na udongo kama ile. Inatembea na maji na kufika kwenye maji ya ardhini, na hiyo ni sababu moja kubwa Umoja wa Ulaya uliiondoa mnamo 2004. Wesha na vijiji vya jirani bado kuna watu wanaoteka visimani. Tena aliyezoea kuchanganya mahindi na kunde konde moja, atrazini itamlindia mahindi na kumuulia kunde, na baada ya mavuno inaweza kubaki ardhini ikangoja zao linalofuata.

Nije kwenye mfugo wenyewe. Kibandiko cha dawa kikisema mpunga, ni mpunga. Kisipotaja malisho wala majani ya kukata, maana yake hairuhusiwi kwenye malisho, wala hakuna wa kukupa idadi ya siku za kungoja kwa kubahatisha. Kisha msimtazame ng'ombe aliyefungwa kamba peke yake. Mzigo wa majani unaofungwa kwenye baiskeli na kuuzwa kijiji cha pili umetoka mahali fulani, na mnunuzi hana njia ya kujua mahali hapo palipigwa nini.

Na dawa iliyoliwa na mfugo haiishii kwenye maziwa na nyama yake tu. Mwaka 2008 huko Uingereza watunza bustani walishangaa kuona nyanya, maharage na viazi vyao vinajikunja majani na kudumaa. Sababu ilikuwa samadi. Wafugaji walikuwa wamepiga malisho dawa yenye aminopiralidi, ng'ombe wakala, dawa ikapita tumboni bila kuvunjika, ikatoka kwenye kinyesi, ikafika bustanini kwa mtu ambaye hajawahi kushika bomba maishani mwake. Serikali yao ilisimamisha ruhusa ya dawa hiyo mwaka ule ule, baadaye ikairudisha kwa masharti makali zaidi. Hiyo si dawa ya mpunga, naijua tofauti yake. Lakini hapa kila mwenye tuta la mchicha anatafuta samadi kwa jirani, na ukimuuliza ng'ombe alikula wapi atakuona umeanza kuchanganyikiwa kwa uzee. Muulizeni hivyo hivyo.

Kipimo. Wengi wenu mnapima kwa kifuniko cha chupa na kwa macho. Hebu fanyeni hivi: pimeni eneo la mita 10 kwa 10, jazeni bomba maji matupu, pulizieni kwa mwendo wenu wa kawaida, kisha tazameni maji yaliyotumika. Yakiwa lita 2, eka moja, ambayo ni kama mita za mraba 4,000, itataka lita 80, yaani mabomba 5 ya lita 16. Kibandiko kikisema lita 1 ya dawa kwa eka, basi kila bomba ni mililita 200, si zaidi. Kila mtu ana mwendo wake, kwa hiyo kipimo cha mwenzako si chako. Na mkibadilisha pua ya bomba, pimeni upya.

Pua ikiziba, msiipulize kwa mdomo. Nimeona kijana mmoja akifanya hivyo huku anacheka, na mdomoni amefunga kipande cha kanga akidhani ndiyo kinga. Kanga iliyolowa dawa inakubandikia sumu puani. Vaeni glavu za mpira, buti, suruali ndefu, mikono mirefu, na nguo hizo zifuliwe peke yake, zisitiwe kwenye beseni moja na nguo za watoto. Piga mapema upepo haujaamka, na tembea upepo ukiwa ubavuni mwako.

Jambo la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Dawa inamiminwa kutoka kwenye dumu na kuuzwa kwenye chupa za soda na maji, haina jina wala namba ya usajili. Asiyejua jina la dawa hawezi kujua siku za kungoja wala mfugo wa kuulinda. Mbaya zaidi ni parakwati, ambayo baadhi huitumia kusafisha konde kabla ya kupanda: funda moja linaweza kuua mtu mzima, na haina dawa ya kuizimua. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku 2007. Mtoto akirudi skuli na kiu akakuta chupa ya soda chini ya kitanda, hatauliza.

Kwa hivyo msinunue kisicho na kibandiko. Dumu tupu lisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuza yarudi kwenye bomba, kisha litobolewe, lisitekewe maji wala mafuta ya taa. Mtu akimwagikiwa, vueni nguo na muosheni kwa maji mengi na sabuni. Akimeza, msimtapishe wala msimnyweshe maziwa kama mlivyozoea kusikia. Mpelekeni hospitali ya Chake Chake mara moja, na chupa yenyewe, kibandiko kikiwa juu yake, aende nayo mkononi anayemsindikiza, kwa sababu daktari atauliza jina la dawa kabla ya jina la mgonjwa.