HESHIMA YA TAIFA APEWE NANI?

Mwishoni mwa mwaka 2020 Serikali ya Uingereza ilitangaza ya kuwa Lewis Hamilton, dereva wa magari ya mashindano, atatunukiwa cheo cha "Sir". Mwaka huo alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia mara ya saba, jambo ambalo kabla yake ni Michael Schumacher wa Ujerumani peke yake aliyelifikia. Tarehe 15 Desemba 2021 alipiga goti katika Ngome ya Windsor mbele ya Prince Charles, ambaye leo ni Mfalme, akaguswa mabega kwa upanga kama ilivyo desturi yao. Lakini furaha haikuwa ya wote. Tangu mwaka 2007 Hamilton alikuwa amehama kwao, akakaa Uswisi, kisha Monaco, nchi ndogo isiyowatoza wakazi wake kodi ya mapato, isipokuwa Wafaransa. Waingereza wengi wakauliza: Tajiri aliyejitenga nasi wakati wa kuchanga, mbona arudi wakati wa kupambwa?

Swali hili, wasomaji wapenzi, si la Waingereza peke yao. Vijana wetu nao siku hizi wanacheza mpira Ulaya, na watoto wetu wayajua majina yao kuliko majina ya Mitume. Hivyo yatupasa kulipima kwa mizani ya Injili, wala si kwa mizani ya kijicho.

Kukaa ugenini si kosa. Wazee wetu walitoka Kigoma wakaenda kukata mkonge Tanga, kwa kuwa kazi ilikuwa huko. Mchezaji naye huenda iliko kazi yake. Wala utajiri wenyewe si kosa. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, alitenga mambo mawili: haki ya kuwa na mali, na wajibu wa kuitumia ipasavyo. Wengi hulishika la kwanza wakalisahau la pili.

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakristo wa Roma, aliziweka kodi na heshima katika mstari mmoja, na zote mbili alizihesabu kuwa ni deni. Yafaa tutue hapa kidogo. Sisi tumezoea kudhani ya kuwa kodi ni mzigo na heshima ni zawadi. Mtume haoni hivyo, naye aliwaandikia watu waliotawaliwa na serikali ya kipagani! Raia adaiwa na taifa, na taifa nalo ladaiwa na raia mwema. Basi mwenye kulikimbia deni lake, atadai haki yake kwa uso gani? Katekisimu ya Kanisa ya mwaka 1992 nayo yafundisha kwamba kulipa kodi ni wajibu wa dhamiri. Kwa hiyo haimtoshi Mkristo kusema, "Sikuvunja sheria."

Mtazameni Hamilton mwenyewe. Baba yake alifanya kazi zaidi ya moja kwa wakati mmoja ili mtoto apate kushindana. Kijana akasoma mjini Stevenage, katika shule ya Kikatoliki yenye jina la John Henry Newman, ambaye tangu mwaka 2019 ni Mtakatifu. Shule hiyo yaendeshwa kwa fedha za Serikali, yaani kwa kodi za akina baba na akina mama wasio na njia ya kuhamia Monaco. Hata hivyo haki yatutaka tuseme na la upande wake. Amepata kueleza kwamba hulipa kodi katika nchi kadhaa anamofanyia kazi, na ya kuwa Uingereza nako hulipa nyingi. Tena mwaka 2021 aliahidi pauni milioni 20 za mfukoni mwake kuanzisha Mission 44, shirika la kuwasaidia vijana wanaonyimwa nafasi. Mfuko wa mtu aujuaye wote ni Mungu.

Twaisifu sadaka hiyo. Ila sadaka haifuti deni. Mwenye kutoa sadaka humchagua ampendaye, naye hushukuriwa. Mwenye kulipa kodi humsaidia mgonjwa asiyemjua, wala hapigiwi makofi.

Barani kwetu yuko Sadio Mané wa Senegal, Mwislamu, nasi twamtaja kwa heshima. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto, na kijijini kwao Bambali hapakuwa na hospitali. Alipokuwa akicheza Liverpool alijenga shule kijijini hapo, na mwaka 2021 hospitali aliyoigharimia ikafunguliwa. Mwaka 2022, Senegal ilipotwaa Kombe la Afrika mara ya kwanza, Rais Macky Sall aliwavika yeye na wenzake Nishani ya Simba. Hatudhani mzee yeyote wa Bambali aliuliza kijana huyo alala nchi gani.

Na hapa Tanzania tunaye John Stephen Akhwari wa Mbulu. Mwaka 1968, katika marathoni ya Olimpiki huko Mexico, alianguka akaumia goti vibaya. Akaendelea na bendeji mguuni, akafika wa mwisho kati ya watu 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana ya kwamba nchi yake haikumtuma aanze mbio tu, bali azimalize. Mwaka 1983 akapewa nishani ya taifa. Hakuwa na kikombe wala utajiri, na kelele za uwanja zilikuwa zimenyamaza miaka 15.

Miaka hiyo 15 twaiona kuwa ya maana sana. Bingwa akishinda, kikombe anacho, fedha anazo, makofi ameyasikia. Ushindi wake umekwisha kulipwa. Nishani ya taifa ni malipo ya utumishi, na utumishi haujulikani kwa msimu mmoja. Laiti tungaliulizwa shauri juu ya Hamilton, tungalisema: Ngojeni.

Lakini wanung'unikao nao wasijione safi upesi. Yuko baba awasemaye matajiri wa Monaco mezani mbele ya watoto wake. Kesho yake huenda nao dukani, atajiwa bei mbili, moja yenye risiti na moja isiyo na risiti. Naye huchagua ya pili, watoto wakimtazama.