Ganda la Kidonge ni la Nani?

Moto hupika chakula ukaacha majivu. Nazi hutoa tui ikaacha chicha na kifuu. Hapana kitu chenye manufaa kisichoacha masalio. Wazee wetu walijua la kufanya: majivu yalirutubisha shamba, chicha ililisha kuku, kifuu kikafanywa kata ya kutekea maji. Leo, msomaji, tutazame masalio ambayo bado hatujayajulia matumizi, nayo ni ganda la kidonge cha dawa.

Unalijua ganda hili. Ni kipande cha plastiki kilichofinyangwa vijumba vidogo, kila kijumba na kidonge chake, kikafunikwa nyuma kwa utando mwembamba wa alumini. Wazungu walilipa jina la lengelenge, kwa kuwa limevimba kama lengelenge la ngozi. Ukilibonyeza, kidonge hupasua utando kikatoka.

Tusilidharau. Zamani, katika zahanati zetu nyingi, vidonge vilihesabiwa kutoka katika kopo kubwa vikatiwa katika bahasha ya karatasi. Katika pwani ya Malindi na Kilifi, ambako hewa ina unyevu na chumvi, kidonge kilicho wazi huweza kulegea na kupoteza nguvu. Ganda hukilinda. Tena ganda ni shahidi wa uaminifu. Mwaka 1982, mjini Chicago, watu 7 walikufa kwa kumeza dawa ya maumivu iliyotiwa sumu na mtu asiyejulikana. Toka hapo ilidhihirika kwamba mgonjwa ana haki ya kuona kama dawa yake imeguswa. Tena ganda ni mwalimu. Mwaka 2004 Kenya ilichagua dawa mseto ya artemeta na lumefantrini kutibu malaria. Mtu mzima hupewa vidonge 24, vinne kwa kila kipimo, vipimo sita katika siku tatu. Vijumba vilivyopangwa na kuchorwa picha humwonyesha hata bibi asiyejua kusoma kipimo kilicholiwa na kipimo kilichobaki.

Lakini ganda lililolinda uhai kwa siku tatu hubaki duniani baada ya homa kupoa. Plastiki yake, ambayo mara nyingi ni PVC, imegandamana na alumini hata kuzitenganisha ni kazi ngumu. Kwa hiyo haliyeyushwi likafinyangwa upya kwa wepesi kama chupa ya maji. Likichomwa nyuma ya nyumba hutoa moshi wenye sumu. Likitupwa, mvua huweza kulisukuma hadi mto Sabaki, na Sabaki hushusha mzigo wake baharini karibu na Malindi. Huko Watamu, ambako sehemu ya bahari imehifadhiwa kisheria tangu 1968, wameokotwa kasa waliomeza plastiki. Ganda moja ni dogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Wahenga walisema akiba haiozi. Plastiki nayo haiozi, nayo ni akiba mbaya ya kuwawekea watoto.

Hapa ndipo lilipo swali letu. Aliyepona ni mmoja. Wanaobeba masalio ya kupona kwake ni wengine. Mvuvi hakuumwa, kasa hakuumwa, na mtoto atakayezaliwa miaka hamsini ijayo hakuulizwa. Je, ni haki raha ya mmoja iwe mzigo wa asiyeshiriki?

Mtu ataniuliza: “Mgonjwa anayetetemeka kwa homa afikirie samaki?” La, hasha. Uhai hutangulia. Deni la kwanza la mgonjwa ni kumaliza dawa yake kama alivyoagizwa. Lakini tusiufanye ugonjwa wake kuwa kisingizio cha walio wazima. Aliyelibuni ganda hakuwa na homa. Alikaa katika chumba chenye utulivu, akiwa na elimu, fedha na nafasi ya kuchagua. Wajibu hufuata uwezo: mwenye kuchagua zaidi hudaiwa zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya deni ni ya mtengenezaji. Ya pili ni ya muuzaji na zahanati, ambao wangeweza kuyapokea maganda matupu. Na ndogo, lakini si bure, ni ya mimi na wewe, tusilitupe njiani.

Sheria imeanza kuelekea huko. Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Pakiti za dawa hazikuguswa, na ilikuwa haki, maana mfuko una badala yake kikapuni, na dawa haina. Kisha sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 ikaweka msingi kwamba mtengenezaji aendelee kuwajibika hata baada ya bidhaa yake kutumika. Nao watengenezaji wengine duniani wameanza kujaribu maganda ya plastiki ya aina moja tu, bila alumini, yawezayo kuyeyushwa yakatumika tena.

Litakapokujia ganda jipya, msomaji, lipime kwa maswali mawili. La kwanza: Je, litailinda dawa katika joto na unyevu wa Kilifi kama lilivyoilinda la kwanza? Ganda linalopendeza bahari huku likimpa mgonjwa dawa iliyoharibika ni dhuluma. La pili: Je, litakwenda wapi likiwa tupu? Asiyeweza kujibu swali hili hajamaliza kazi yake, hata kama dawa yake ni nzuri.

Baadhi yenu mtakuwa wafamasia, wengine wahandisi, wengine watunga sheria. Mtakapoketi katika chumba chenye utulivu, mkichagua kwa niaba ya mgonjwa asiye na nguvu ya kuchagua, mkumbukeni pia yule atakayeokota masalio ufukweni. Wema uliokamilika humponya mmoja bila kumdhuru mwingine.