Kucha za Paka na Mipaka ya Mfugaji

Mwanadamu afugapo mnyama hujipatia mamlaka juu yake. Lakini mamlaka yana mipaka, nayo twaweza kuichungua kwa kutazama jambo dogo, litokalo mbali na kwetu: desturi iliyoenea kwa miaka mingi huko Marekani ya kumwondoa paka kucha, ili asichane makochi, mapazia wala ngozi za watu.

Kwanza yatupasa kufahamu kinachotendeka. Msikilizaji aweza kudhani ni kama mtu apunguzavyo kucha zake kwa wembe. Sivyo. Ukucha wa binadamu huota katika ngozi; wa paka huota katika mfupa wa pingili ya mwisho ya kidole. Ili usiote tena, daktari hana budi kuikata pingili hiyo. Miguu ya mbele ina vidole vitano vitano. Basi paka akatwaye ya mbele tu hupoteza pingili 10. Naye ni mnyama atembeaye kwa vidole, apandaye na kujitetea kwa kucha. Hata akwaruzapo kochi hafanyi ukorofi: huvua maganda makuukuu ya kucha, hunyoosha misuli na kuacha alama yake.

Watetezi wa desturi hiyo wana hoja zisizofaa kudharauliwa. Husema, heri paka asiye na kucha aliyemo nyumbani kuliko mwenye kucha aliyetupwa barabarani. Tena huuliza: mbona fahali huhasiwa akawa maksai? Swali hili latugusa sisi wenyewe, na tulijibu kwa haki. Maksai hulima na kukokota mkokoteni, na chakula cha jamaa nzima huweza kutegemea nguvu zake. Haja hiyo haituondolei wajibu wa kumpunguzia maumivu; lakini ni haja. Kochi zima ni starehe tu, na kiungo cha kiumbe hai hakipimwi kwa bei ya kitambaa.

Ama hoja ya kutupwa, ingekuwa na nguvu kama njia zingekuwa mbili tu. Lakini ncha za kucha hupunguzwa kila baada ya majuma machache. Gogo lililozungushiwa kamba ya katani, zao tulijualo sana, humpa paka pa kukwaruza. Na mtu aliyeshindwa kabisa, au ambaye mkwaruzo ni hatari kwa afya yake, aweza kumtafutia paka mlezi mwingine.

Mapatano ya Ulaya ya mwaka 1987 ya kulinda wanyama wa nyumbani yaliikataza desturi hii. Mwaka 2019 New York likawa jimbo la kwanza la Marekani kuipiga marufuku, isipokuwa pale paka mwenyewe ahitajipo matibabu. Hapo ndipo penye kipimo: ni kwa faida ya nani?

Wazee wetu walisema, paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya. Walitambua kwamba kila kiumbe ana tabia yake. Tusijisifu, hata hivyo, maana paka wetu wamebaki na kucha zao kwa sababu panya wa ghalani wangalipo. Siku tutakapomfuga paka kwa kupakatwa tu, nasi tutajaribiwa. Na tukumbuke siku hiyo: ukipenda boga, penda na ua lake. Asiyeweza kuvumilia kucha, heri asifuge paka.