Nyumba Ikaliwe Kwanza

Wanangu, orodha mliyonionyesha nimeisoma mpaka mwisho. Dari ya jipsamu yenye taa za kuzunguka, makochi mapya, kabati la ukutani kutoka sakafuni hadi juu, makabati ya jikoni, mapazia ya tabaka mbili; vyote viingie kwa mpigo kabla ya sikukuu, na pesa itoke kwenye mkopo. Sina tena nguvu za kubishana, na mengi nitakayosema mmekwisha kuyasikia kwangu. Nitayarudia polepole, maana humo ndimo mtakamoishi na kulea.

Ninaloomba ni hili: ikaeni nyumba kabla ya kuipamba. Ikaeni mwaka mzima, majira yote yawapitie mkiwa ndani.

Huku kwetu pwani mwaka hauna sura moja. Sasa hivi ni kusi, na dirisha la sebule linawaletea upepo mpaka mnatamani kochi lisogezwe pale pale. Subirini Januari, kaskazi ivume upande wa pili, ndipo mtajua hewa ya nyumba hii inaingilia wapi na kutokea wapi. Jua nalo linahama. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni linaelemea kaskazini, na ikifika Desemba limekwisha vuka kwenda kusini. Dirisha linaloonekana la kivuli leo litakuwa la jua baada ya miezi michache. Na kile chumba kinachotazama magharibi, mlichokipangia watoto, kuta zake zitakunywa joto la alasiri nzima na kulitoa usiku wakati wa kulala. Hayo fundi wa dari hatawaambia, si kazi yake. Mtayajua wenyewe kwa kulala humo, na mkishayajua mtanunua pazia zito kwa dirisha moja au mawili, wala si kwa madirisha yote.

Kuta nazo zina siri zao. Saruji hupimwa ugumu wake ikifika siku 28, lakini kuwa ngumu si kukauka. Plasta ikiwa na maji ndani na nyinyi mkapaka rangi juu yake, rangi itavimba malengelenge na kubanduka. Kuna kuta zinazotoa chumvi, hasa pale mchanga haukuwa safi au maji yanapanda kutoka kwenye msingi. Huwezi kuzitambua kiangazi. Masika moja, kuanzia Machi hadi Mei, itawaonyesha kona ipi inavuja, ukuta upi una ubaridi wa maji, bafu lipi limekosa mteremko. Sasa niambieni, lile kabati refu likishapigiliwa kwenye ukuta wenye unyevu, nani atauona? Mtakuja kunusa harufu ya uvundo kwenye nguo, na hapo mbao za nyuma zimekwisha oza. Na zile mbao za unga uliogandishwa kwa gundi zikinywa maji huvimba, haziponi tena.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende pasipoonekana: paa, mabomba, nyaya za umeme. Soketi ziongezeni sasa kabla ya rangi ya mwisho, maana kupasua ukuta uliokwisha pakwa ni kulipa mafundi watatu kwa kazi ya mmoja. Wageni hawatayasifia mabomba yenu. Yashughulikieni hata hivyo.

Najua kinachowasukuma. Mnaogopa watu watasema mmehamia nyumba tupu. Nendeni Lamu, nendeni Mji Mkongwe wa Unguja. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, Lamu mwaka uliofuata, na watu wanatoka mbali kuja kustaajabia vyumba vya wazee wetu. Vyumba vile havikujazwa na mtu mmoja. Upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, kama mita 3 hivi au pungufu, na kuta zikakandikwa kwa chokaa ambayo huwa ngumu taratibu kadiri inavyopata hewa, haikubali haraka. Binti akiolewa, familia iliongeza ghorofa juu. Na pale nafasi ilipokwisha walijenga wikio juu ya uchochoro kuunganisha nyumba za ndugu wa pande mbili. Zile zidaka za ukutani zilipata sahani moja msafara huu, bakuli jingine msafara ule, kwa jahazi zilizofuata hizo hizo kaskazi na kusi. Bibi alimwachia mama, mama akamwachia binti. Uzuri wake umetokana na kupokezana, na ndiyo maana hakuna duka linaloweza kuuuza.

Basi sebule ikae na mkeka. Mkeka mpana wa ukindu, mito miwili mitatu, mgeni akae, anywe kahawa. Hakuna aibu hapo. Ndivyo tulivyokaa sisi na heshima yetu ikabaki. Aibu ninayoijua ni ya vijana ninaowaona wakilipia kila mwezi makochi ambayo sponji zake zimekwisha bonyea.

Mtakapofika kwenye samani, nunueni kimoja kimoja, na muwe wagumu. Kitanda na godoro ni mwanzo, kisha rafu za jikoni, kisha meza ya kulia, makochi yasubiri. Nendeni wenyewe kwa maseremala wa Keko, mkae na fundi, mguse kazi yake kwa chini na kwa nyuma, huko ndiko fundi anakojulikana. Muulizeni mbao zilipasuliwa lini. Mninga, mkongo, mtiki, zote ni mbao za kuaminika, lakini hata mninga ukifanyiwa kazi ungali mbichi utasinyaa na viungo vitaachia. Kiungo kiwe cha kuchomekana na kutiwa gundi, msumari peke yake haushiki miaka. Meza ya namna hiyo ni ghali. Wekeni akiba mwaka, muinunue, na wajukuu watafanyia kazi za shule juu yake.

Nawe mkwe wangu, nina neno lako peke yako. Usikubali kila chumba kipewe kazi ya milele sasa hivi. Leo mko wawili. Kesho pana mtoto, keshokutwa pana binti wa shangazi anayesoma mjini, na siku moja mama yako au mimi tutaletwa tukiwa hatuwezi ngazi. Chumba cha chini karibu na bafu kiacheni bila makabati ya kujengea, na bafu hilo lisiwe na kizingiti kirefu. Mzee huanguka hapo. Acheni nafasi ya watu ambao bado hawajafika. Makabati ya kujengea hayahami, vitanda vinahama.

Na andikeni. Daftari moja la nyumba: mwezi gani ukuta gani ulilowa, fundi nani alifanya nini na kwa kiasi gani, rangi ya namba ipi ilipakwa chumba kipi, bomba linapita wapi ndani ya ukuta. Mali bila daftari huisha bila habari, na nyumba ndiyo mali kubwa kuliko zote mtakazoshika.

Mwezi huu nunueni godoro zuri na mkeka mkubwa. Mwiteni fundi bomba akague bafu, na fundi wa paa akague paa, kabla ya vuli. Mkopo wa makochi msiuchukue, nawaombeni.